Majivu Yangu, Mizabibu ya Mke Wangu

Niliita majirani waje kula zabibu zilizoiva, kumbe zilikuwa mbichi na mizabibu yenyewe inaumwa. Mzee mmoja niliyemwekea kiti kabisa alitafuna moja, jicho likajifumba lenyewe. Aliaga bila kumeza.

Mizabibu hiyo ni ya mke wangu. Kwao ni Dodoma, na nilipomwoa alikuja hapa Ikungi na sanduku la nguo, na vipandikizi amevifunga kwenye kanga iliyoloweshwa maji. Nguo alizipanga kesho yake. Vipandikizi alivipanda siku ileile, kabla hata hajaoneshwa choo kiko wapi. Nikajua cheo changu.

Mwaka huu alienda kwao kumuuguza mama yake. Aliniachia neno moja: "Ukipita, uwe unafunua majani uangalie chini yake." Nikasema sawa. Sikufunua hata moja. Mwanaume mzima nianze kufunua majani kama natafuta mayai ya kuku?

Badala yake nikatumia akili yangu. Kila asubuhi nilibeba majivu ya jikoni nikamwaga kwenye mashina, maana kwetu majivu ni dawa ya kila kitu. Baada ya wiki kadhaa majani ya chini yakawa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Sasa mimi nimekulia kwenye alizeti. Alizeti ikigeuka njano, unaandaa magunia. Halafu nikaona sisimizi wamepanga foleni kupanda kwenye vichala. Sisimizi hafuati kitu kichachu. Nikaita watu.

Walipoondoka alibaki rafiki yangu, fundi baiskeli ambaye pia anafuga nyuki. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akafunua jani. Chini kulikuwa na vidudu vyeupe vimejikunyata kama pamba.

"Hawa ndio wanaofuatwa na sisimizi," akasema. "Wanatoa utamu mkiani. Zabibu zako hazina habari."

"Na hii njano?"

"Hiyo kamuulize bwana shamba. Nyuki wangu hawana majani."

Bwana shamba alichokonoa majivu kwa kidole, akauliza nimemwaga kiasi gani. Nikasema kidogo. Akatazama rundo, akanitazama mimi. Akaeleza kwamba majivu yakizidi, mmea unashindwa kula madini ya magnesi. Yaani mizabibu ilikuwa inakufa njaa mbele ya sahani niliyoijaza mwenyewe. Mimi shule niliishia kidato cha pili. Hiyo magnesi nadhani ilifundishwa wiki niliyoacha. Akaniambia niache majivu, nitafute chumvi ya haluli, ambayo ndiyo yenye hiyo magnesi, niiyeyushe kwenye maji, ninyunyizie majani.

Haluli ni ile ya kuendesha tumbo. Dada wa duka la dawa akaniuliza, "Una siku ngapi hujapata choo?" Nikamwambia siyo mimi, ni mizabibu ya mke wangu. Akanionea huruma, akaniongezea pakiti.

Usicheke sana. Mwenzangu alitoka kwao na kitu kimoja tu cha kumkumbusha nyumbani, na mimi nilikuwa nakiua. Rafiki yangu akaleta grisi ya baiskeli. Tukafunga vitambaa kwenye mashina, tukavipaka grisi ili sisimizi wasipande. Wale weupe niliwasugua kwa maji ya sabuni na mswaki, jani kwa jani, kichala kwa kichala. Mswaki ulikuwa wangu.

Mke wangu aliporudi hakukaa. Mkoba begani, akapitiliza nyuma ya nyumba, akaanza kufunua majani, moja baada ya jingine. Ya chini yalishakauka, na vichala vingine nilikuwa nimevikata. Lakini machipukizi yalikuwa ya kijani. Akagusa grisi, akanusa kidole.

"Ulikuwa unafunua?"

"Kila siku. Siku hizi nafunua mpaka mchicha."

Nikamweleza yote, na haluli nikaitaja. Alicheka mpaka akakaa chini, juu ya majivu yangu, na gauni lake la safari.

Jioni rafiki yangu alikuja kumpa pole ya safari. Wakati namsindikiza akaniambia, "Shemeji akisafiri tena, aifunge mizabibu yake kwenye kanga aende nayo. Wewe akuache hapahapa. Wewe majivu hayawezi kukudhuru."