Bomba Lililokomea kwenye Ua Wangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mafundi wa mji walipofika kwenye ua wangu wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu, hapa mtaani Manyatta, Kisumu, sululu na majembe begani, wakaniomba ruhusa ya kupitisha bomba la majitaka. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, baba alikuwa amefariki, na ploti yake pamoja na vyumba vya kupangisha vilikuwa mikononi mwangu. Niliwajibu wakiwa bado wamesimama langoni. Nilikataa.

Ngoja nikueleze bomba lilivyokwenda, maana hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Lilianzia bondeni, kwenye bomba kuu linalopeleka majitaka kwenye mabwawa ya kusafishia, likaja likipanda ploti baada ya ploti. Uchafu hushuka, haupandi. Aliyekuwa juu yangu hakuwa na njia ila kupitia kwangu. Chini yangu aliishi Mama Atieno, mke wa mdogo wa baba. Yeye alikuwa amekubali wachimbe katikati ya uwanja wake wa kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, tena akawapikia mafundi uji. Juu yangu aliishi Bwana Kamau, mwuza mitumba aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a, na wengine nyuma yake. Wote walitumia vyoo vya shimo, na udongo wa hapa unaujua: ukichimba kidogo tu unakutana na maji.

Kwa nini nilikataa? Baba alizikwa mle mle kwenye ploti, upande wa kulia wa nyumba, kama sisi Waluo tufanyavyo, na bomba lingepita karibu na miguu yake.

"Mavi ya watu yapite kwa baba yangu?" nilimwambia Kamau alipokuja kunisihi. "Kila mtu akae na yake."

"Okoth, bwana, hiyo kitu haina kabila," akasema huku akicheka. "Yangu na yako yakikutana huko chini, hayataulizana majina."

Sikucheka. Nilijiona mwana anayemtetea baba yake. Mafundi waliziba mdomo wa bomba kwenye ua wangu, wakahamia mtaa mwingine.

Kisha ikaja mvua ndefu. Ilinyesha mchana kutwa, na vyoo vya juu vikafurika. Maji meusi yalipenya katikati ya ojuok, yakakata uwanja wangu, yakateremka hadi kwa Mama Atieno na kumwagika ndani ya kisima chake, ambamo nusu ya wapangaji wangu walichota maji. Haukupita muda mrefu, Achieng', mjukuu wake, akaanza kuhara na kutapika mpaka macho yakazama. Alibebwa mgongoni kupelekwa hospitali akiwa hawezi hata kulia.

Mama Atieno aliporudi kuchukua shuka za mtoto, alipita kwangu kwanza. Nilidhani atanitukana. Alinishika mkono, akanivuta hadi upande wa kulia wa nyumba, na tukasimama tukitazama kaburi lililozama katika tope lenye harufu.

"Hukutaka yapite chini karibu naye," alisema. "Haya, tazama. Yanapita juu yake."

Nilianza kujitetea, akanikatiza.

"Baba yako nilimpikia miaka mingi, nyathina, mwanangu. Hakuwahi kumnyima jirani njia. Hiyo heshima yako uliitoa wapi?"

Akaenda zake hospitali. Mwanangu, nimeishi hadi uzee huu, na sijasahau swali lile.

Siku hiyo hiyo nilipanda kwa Kamau, tope magotini.

"Kumbe njia ya kwangu unaijua!" alisema. Lakini alichukua koti lake, tukaenda pamoja kuwatafuta mafundi. Mkuu wao alisikiliza, akaniuliza kaburi liko wapi hasa, kisha akasema bomba linaweza kupinda na kulizunguka kwa mbali, mradi mteremko usipotee. Ilikuwa kazi ya kawaida kwao. Tangu mwanzo lingewezekana, ningeuliza tu. Mimi nilikuwa nimekataa kabla sijauliza.

Mvua ilipopungua tulichimba mtaro wenyewe, Kamau na mimi na wanaume wa ploti za juu, mafundi wakilaza bomba nyuma yetu. Achieng' alikuwa amesharudi nyumbani, amekonda, anadai samaki. Kisima tulikifunika, na hadi leo maji yake ni ya kufulia tu.

Sasa nasikia bomba linaletwa mitaa ya kwenu, huko ambako vyoo bado vinamwagika kwenye mitaro na mitaro inaingia ziwani. Nimefurahi sana. Wewe ndiwe mwenye ploti sasa. Watakapokuja, wakaribishe ndani. Kama kuna jambo linalokuuma, liwe kaburi, jiko au chumba cha mpangaji, liseme wazi, na uulize kama bomba linaweza kupinda. Ukishaunganishwa, waeleze wapangaji kwamba matambara, pampasi na mifuko havitupwi chooni, maana bomba likiziba kwako, aliye juu yako ndiye atakayefurikiwa. Na ukiwahi kukosea kama mimi, usingoje mtoto wa mtu alazwe ndipo upande kwa jirani.

Mungu akupe majirani wa kucheka nao. Ploti yako isikose wapangaji, wala nyumba yako isikose watoto. Nao watoto hao wapite uwanjani miguu mitupu hata siku ya mvua, na mama zao wasiwe na sababu ya kuwaita ndani.