Poda Aliyomwagiwa Mume Wangu Siku ya Matokeo

Admin, jina langu uliweke kando. La mtoto nimeshalibadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, naishi hapa Goma, nina mume na watoto wanne. Sijapigwa, sijafukuzwa. Nina shaka tu, lakini ni shaka inayokula nami na kulala nami.

Tangu tuoane, mume wangu hutuhadithia examen d'Etat yake, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Umeme ukikatika na televisheni ikizimika, anaanza: walivyosoma kwa taa ya petroli, walivyopiga pasi ya makaa zile sare za shule za bleu-blanc, walivyopelekwa kufanyia mtihani kwenye shule ya wengine, na dissertation, ile insha ya Kifaransa, aliyoiandika siku ya mwisho mpaka kidole kikavimba. Nilikuwa naipenda hadithi hiyo. Mimi shule niliachia quatrième, mwaka wa nne wa sekondari, baba alipokufa wakati wa vita, nikaenda kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Kituku. Na mume wangu hakubali nisahau. Nikitoa wazo lolote, hata la bei ya makaa, anasema, "Mama Furaha, ngoja kwanza. Nani iko na diplome hapa?" Basi nanyamaza.

Diplome yenyewe, cheti cha kupita mtihani huo, sijawahi kuiona. Anasema ilibaki chini ya mawe ya volkano, na ni nani wa Goma atabisha hilo? Nusu ya mji walipoteza karatasi zao huko. Ila karatasi yake ya ubatizo ilitoka salama, na picha zake za mpira pia, na zote alikuwa akiziweka kwenye sanduku moja na hiyo diplome. Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka mwaka huu.

Mwaka huu binti yetu Furaha ni finaliste, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Alifanya dissertation, akarudi nyumbani, akanifuata jikoni akiongea kwa sauti ya chini. "Mama, mbona papa anasemaka dissertation iko siku ya mwisho? Siye tumeifanya ya kwanza, ingine mitihani bado kabisa." Nikamwambia zamani ilikuwa tofauti. Na mimi nilijiambia hivyo hivyo.

Kisha tukapata mgeni. Ni rafiki wa mume wangu aliyesoma naye darasa moja, sasa anafanya kazi za forodha mpakani Bunagana. Hapa nitamwita Papa Kambale. Nikapika bugali na sambaza, wakaanza mambo ya ujana wao, préfet wao mkali aliyeongoza shule, utoro, wasichana wa lycée. Walicheka mpaka machozi. Furaha akaingilia: "Papa Kambale, wakati yenu dissertation ilikuwa siku ya mwisho?"

"Hapana, mutoto wangu. Inatanguliaka, tangu zamani." Halafu akamwangalia mume wangu, kicheko kikamwishia mdomoni.

Mume wangu akasema, "Munipatie chumvi." Chumvi ilikuwa mbele yake.

Nikamsindikiza mgeni mpaka barabarani. Njiani nikamuuliza, "Shemeji, mwaka ule mulipita pamoja na Papa Furaha?" Akainama kufuta kiti cha pikipiki yake, na kiti hakikuwa na vumbi lolote. "Mama Furaha, siku ile poudre ilikuwa mingi. Tulimwagia kila mutu." Akapanda, akaenda zake.

Kwa msio wa kwetu: mwanafunzi akipita examen d'Etat, wenzake humwagia poudre, ile poda nyeupe ya watoto, kuanzia kichwani, na mtaa wote huimba. Ukimwona kijana mweupe namna hiyo, huna haja ya kuuliza.

Na mimi sikuuliza. Siku ile nilikuwa na beseni langu Kituku, vijana wakashuka wakiimba, na yeye katikati yao, mweupe mpaka kope. Akapiga magoti mbele yangu akasema, "Chérie, leo niko mutu mukubwa." Poda ikamwagikia sambaza zangu, nikacheka badala ya kukasirika. Mwaka uliofuata tukaoana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wangu, kama ni mwongo, imenitembeza zaidi ya miaka ishirini. Kinachoniuma ni kwamba hata bila diplome ningempenda. Alikuwa kijana mzuri. Hakuwa na sababu ya kuninyamazisha miaka yote hii.

Bado sina hakika. Juzi nilimtega: "Papa Furaha, ulipataka pourcentage ngapi?" Akasema cinquante-huit, hamsini na nane. Pasaka alimwambia mtoto soixante-deux, sitini na mbili.

Ningeyaacha yapite, lakini kuna Furaha. Baba yake amemwapia: "Kwangu hakuna mutoto wa kuanguka. Ukianguka unaenda kijijini Kalengera kwa shangazi yako, utalima." Si mzaha, ameshampigia dada yake simu. Mtoto amekonda, chakula anakigusa tu, na matokeo yanaweza kuingia kwenye simu siku yoyote. Nikimbana baba yake kwa maswali, nitamvua nguo mbele ya watoto. Nikinyamaza, binti yangu atashika jembe kwa kosa ambalo labda hata baba yake analo.

Poudre baba yake ameshanunua, iko juu ya kabati. Jana nilifungua kifuniko, harufu ikanirudisha Kituku, nikalia kidogo. Ndipo likanijia wazo. Furaha akianguka, nitamwagia ile poudre hivyo hivyo, uwanjani, majirani wakiona, baba yake akiwa amesimama pale. Nataka nione kama atathubutu kusema kwamba mtu hawi mweupe bila kupita.

Ninyi mlio kwenye ndoa, niambieni kabla matokeo hayajatoka: nikifanya hivyo nitakuwa nimemwokoa mtoto, au nimebomoa nyumba? Nishaurini, maana nyumbani mwangu mwenye ruhusa ya kushauri ni mwenye diplome.