Sindano Aliyosema Raya Amechomwa

Nakuombeni kwa jina la Mola, haya yabaki baina yetu. Nimekuchagueni wachache tu. Msipige skrinshoti, msimsomee mtu, hata mume. Nikishajua mmesoma, nafuta.

Mpaka sasa kidole changu kinakwenda chenyewe kumwandikia Raya, "Uko wapi?" Raya wangu! Juzi asubuhi alinitumia picha ya mkate wa mofa ulioungua. Alasiri tulikuwa tunamzika.

Pumu. Ile ile ya tangu skuli, mnaijua, na inhela yake haijapata kukosekana mkobani. Daktari kasema ni pumu. Mama yake alimshika mwenyewe mpaka mwisho.

Lakini huko nje wanasema kauliwa na chanjo.

Kwa msiojua kazi yetu: Raya alikuwa nesi kwenye majaribio ya chanjo mpya ya homa ya mafua, mimi ni karani wa ofisi hiyo hiyo. Yeye aliingia majumbani kuwaeleza watu, mie nyuma yake na mafomu.

Na alivyokuwa akieleza, subhanallah. Supavaiza alikuwa na slaidi zake za mishale, watu wanapiga miayo. Raya alibeba kofia mbili za kiua mkobani. Anavaa moja juu ya mtandio, anageuka, anavaa ya pili. "Haya, nani huyu?"

"Raya!"

"Mmejuaje, na kofia nishabadilisha?"

"Shingo hiyo ya twiga nani asiyeijua!"

Basi hapo hapo anawashika. Kirusi cha mafua hubadilisha kofia, na chanjo tulizonazo hukitambua kwa kofia, ndiyo maana kila mwaka zinatengenezwa upya. Hii yetu tunataka ikitambue kwa shingo. "Itaweza?" wanamuuliza. "Hatujui," anawajibu. "Tungejua tusingekuja kukusumbueni."

Hakuwa muongo. Nataka mlishike hilo kabla hamjasoma yanayofuata.

Kijijini Bwejuu tulifika kwa Bi Kazija, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu zake. Shikamoo, marahaba, tukaketi. Akatuletea uji wa pilipili manga, lakini kabla ya kutupatia akamimina kikombe chake, akanywa mbele yetu. Ndiyo desturi ya nyumba yake, mgeni halishwi kitu ambacho mwenyeji hajaonja.

Raya akamweleza yote, na kofia zake. Bi Kazija akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamtazama usoni.

"Na wewe, mwanangu, hicho chako umekionja?"

Raya akazikunja kofia zake. "Nshaonja, Bi Kazija. Nshachomwa."

Bi Kazija akapandisha mkono wa kanzu yake, akachomwa.

Raya hakuwa amechomwa. Wafanyakazi haturuhusiwi kuingia kwenye majaribio yetu wenyewe, tuliambiwa tangu training. Kwenye gari nikamwambia, "Raya, umesema nini pale?" Akageukia dirishani. "Mtu kanywa uji mbele yangu, Karani. Ningemjibu kwamba mie najua kuwamiminia wengine tu?" Akaapa atarudi amwambie ukweli mwenyewe.

Hakuwahi.

Jana Bi Kazija kaja msibani, kwenye maghorofa ya Michenzani, kapanda ngazi zote zile, anakohoa. Akanivutia pembeni, mkono wake una moto. Akaninong'oneza, "Mwenzangu kaenda. Na mie lini?"

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Tumechomwa sindano moja. Nishawausia wanangu. Nataka kujua tu, nitawahi kumuoza mjukuu wangu, au sitawahi?"

Nikamwambia aende hospitali, akakionyeshe hicho kikohozi. Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Kwa watu wenu? Wanimalize?"

Na mama yake Raya amekaa pale pale, tasbihi mkononi, anawaambia wageni, "Mwanangu hajapata kumdanganya mtu." Wanaitikia wote, kweli, kweli. Nami nikaitikia.

Ofisini wametukataza kusema lolote mpaka wao watoe taarifa. Taarifa itasema pumu, na Bwejuu hawataiamini. Ninaogopa kufukuzwa kazi. Ninaogopa macho ya mama yake Raya. Tumefunzwa kuwataja maiti kwa mema, na mimi nnakwenda kumtaja rafiki yangu kwa uongo wake mmoja, kaburi halijakauka. Lakini kikohozi cha Bi Kazija nakisikia hata sasa ninapoandika, na hicho ndicho ninachokiogopa kuliko vyote.

Raya, nisamehe. Nitamwambia kwamba hukuonja, na kwa nini ulisema umeonja. Nitakunywa uji wake kwanza. Pumzika, shingo ya twiga, Mola akulaze pema. Hiyo safari uliyoibakisha nitakwenda mimi.

Nnakwenda Bwejuu kesho baada ya sala ya Ijumaa, na peke yangu sitaweza, nitarudi njiani. Anayempenda Raya anifuate. Msinipigie ofisini, wala msiandike chochote hapa chini. Njooni msibani, piteni nyuma ya jengo, ndiko ninakoosha masufuria. Msiniite jina mbele ya mama. Nyanyua sufuria moja, anza kuosha na mimi. Nitajua umekuja kwa ajili ya nini.