Do ya Juu

Mimi ni mbishi. Niliposoma kwenye simu kwamba zamani huko Ulaya aliishi mtunzi wa muziki aliyecheza sataranji bila kutazama ubao, tena na watu wawili kwa mpigo, nilisema huo ni uongo. Lakini jambo lenyewe likaniganda. Alizishika wapi kete zote zile?

Jumamosi nikapanda kijijini kwetu Nkoaranga kumwuliza baba. Alifundisha kwaya ya usharika miaka mingi, na sataranji alinifundisha yeye, kabla sijaenda shule. Presha ya macho ilikuwa imemmalizia uwezo wa kuona. Ubao ulikaa juu ya kabati tangu Pasaka, nami niliogopa hata kuutaja. Bila mchezo ule tulibaki kuulizana habari za migomba.

"Mtu wa muziki?" akasema. "Basi alikuwa anaimba. Shusha ubao, mwanangu."

Safu ziko nane, akanieleza, na kuanzia do ya chini hadi do ya juu ni sauti nane. Kila safu tuipe sauti yake, halafu tutaje namba ya mstari unaoikata. Akaniambia nitoe do, kama alivyozoea kwaya kabla ya wimbo. Nikaitoa, mimi wa soprano.

"Farasi, la, tatu," akaimba. Nikamsogezea farasi.

Nilikusudia kumwachia ashinde. Baada ya robo saa nilikuwa natokwa jasho, na nakiri nilikasirika. Hata hivyo niliona anazungukazunguka kwenye sauti za chini, nikaiacha wazi pembe ya do ya juu, kando tu ya mfalme wangu, nikiamini hatafika. Baba ni besi. Tangu nizaliwe sijamsikia akipanda huko.

Akakohoa. Akashika ukingo wa meza, akapanda sauti moja moja bila haraka, mpaka ikapasuka.

"Ngome, do ya juu, nane."

Nikaipeleka. Nikatafuta pa kumkimbizia mfalme, sikupaona. Machozi yakanijia.

"Mbona kimya?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na woga. "Nimepotea?"

"Hujapotea, baba. Umenifunga."

Akauachia ukingo wa meza.

"Panga tena," akasema. "Ila shusha hiyo do yako, utaniua."