Nyundo ya Milimita

Kinyozi hajinyoi. Ndivyo watu walivyomwambia msusi kila alipolalamika kwamba mumewe ni fundi vigae na nyumba yao haina sakafu. Msusi alikuwa akiwajibu kwa ukali, chanuo mkononi: "Kinyozi hajinyoi kwa sababu hana muda. Huyu wangu alijinyoa, akajinyoa, mpaka akafika kwenye ngozi!"

Wala hakuwa anasema uongo. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita, alikuwa ameiwekea vigae nyumba yake mwenyewe akavivunja, akaweka vingine navyo akavivunja, watoto wakakua wanaruka mashimo sebuleni kama mbuzi. Na kosa lenyewe sasa! Kigae kimoja kimempita mwenzake kwa unene wa ukucha. Mstari unaotoka sebuleni ukifika koridoni umepinda, na ukitaka kuuona huo mkunjo ni lazima ulale kifudifudi, shavu chini, jicho moja umelifumba. Basi Milimita alikuwa analala hivyo hivyo, mtu mzima na ndevu zake, kila asubuhi kabla ya chai. Akiinuka bila kusema kitu, msusi alijua leo ni nyundo.

Kwenye nyumba za watu hakuwa na tatizo, maana huko walikuwa wanamfukuza. Ataomba siku moja zaidi arekebishe kona, mwenye nyumba anaingiza makochi na kumwambia asante fundi, kwaheri. Kwake nani angemfukuza?

Si kwamba msusi alikuwa mtu wa kulipua kazi. Mstari wa mbele, ule unaoanzia kwenye paji la uso, akiukosea anaufumua kabla hajaambiwa, na mteja akinuna shauri yake. Lakini mteja akianza kugeuza shingo huku na huku, msusi anajua kichwa kimechoka. Hapo mstari wa nyuma ya sikio hata ukipinda anausuka hivyo hivyo, anafunga, anampa kioo aende zake. "Nywele ni za mtu," aliwaambia wasichana aliokuwa akiwafunza kazi, "na mtu ana shingo." Alimwambia mumewe maneno hayo hayo mara nyingi, lakini Milimita alikuwa ameweka pamba masikioni.

Ndipo mama mkwe alipokuja kuwatembelea, akaanguka.

Ilikuwa asubuhi. Mama alitoka chumbani kwenda kunawa uso, na koridoni mwanawe alikuwa ameng'oa vigae jana yake akaacha shimo lenye ukingo mkali. Kidole cha mguu kikanasa, nyonga ikavunjika. Msusi alisikia kishindo akiwa jikoni, na mpaka leo akisimulia hasira zinampanda upya. Mama wa watu yuko chini anaugulia, na mwanawe amesimama juu yake anasema, "Nilikuwa namalizia kesho, mama." Kesho! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na huyu alichelewa mpaka akamkuta mama si mzima.

Mama alipokuwa hospitali, Milimita alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Alianzia bafuni, ambako sakafu haikuwa na mteremko wa kutosha na maji yalikuwa yanatuama kwenye kona. Akavunja, akarudia, maji yakakimbilia kwenye tundu lao. Msusi alimpelekea chai, kwa sababu pale mwanamume alikuwa na haki. Kisha chumba, kisha sebule, kisha korido. Siku moja kabla ya mama kuruhusiwa, vigae vyote vilikuwa vimeshika, na msusi akapiga deki nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alipiga deki anaimba, binti yake akamcheka.

Muuguzi alikuwa amewaeleza bila kuficha. Mgonjwa atatembelea fremu ya chuma yenye miguu minne, na sakafu isiwe na shimo wala kinundu. Akianguka tena, hatasimama tena. Na mama huyo hakuwa na mwingine wa kumuuguza, mume alishatangulia mbele ya haki na mtoto wake ni huyo huyo mmoja.

Asubuhi yake binti alikwenda na teksi kumchukua bibi. Msusi alikuwa chumbani anatandika shuka safi aliposikia chuma kinawekwa chini. Akatoka. Milimita alikuwa amelala koridoni, shavu kwenye vigae, jicho moja limefumbwa, nyundo na tindo pembeni yake.

"Kuna nini?"

"Kimoja tu," alisema bila kuinuka. "Hiki cha karibu na mlango wa mama. Kimekwenda upande milimita mbili."

"Mama yako yuko njiani."

"Nakitoa chap chap, naweka kingine."

"Na gundi ikauke lini? Mama apite wapi, ukutani?"

"Mke wangu, wewe hukioni. Mimi nitakuwa nakiona kila nikipita."

"Kione!"

Milimita akachukua tindo. Hapo mori ukampanda msusi. Aliingia sebuleni, akabeba kigoda chake cha kusukia, akakibwaga juu ya kigae kile na kukikalia, miguu kaitandaza, kanga kaifunga kiunoni.

"Haya, vunja. Anza na mimi."

"Inuka, bwana. Unanichelewesha."

"Siinuki ng'o! Watu wanakusifu huko nje, Milimita hana mpinzani, Milimita mkono wa dhahabu, na mimi nachambua vumbi lako kwenye chakula cha watoto. Fundi gani asiyejua kumaliza? Umemvunja mama yako mzazi kwa ajili ya mstari! Mstari, baba wee!" Sauti ilikuwa imepanda mpaka jirani akazima redio asikilize vizuri. "Bafu ulivunja. Nilikuletea chai au sikukuletea?"

"Uliniletea."

"Kwa nini?"

"Maji yalikuwa yanatuama."

"Hapa yanatuama?"

"Hayatuami."

"Mguu unajikwaa?"

Milimita akapitisha kiganja kwenye maungio, mbele ya kigoda na nyuma yake, polepole. "Haujikwai."

"Basi hiyo nyundo inatafuta nini?"

Msusi alitegemea abishe. Alikuwa na maneno mengine yamejipanga mdomoni, makali kuliko yale ya kwanza. Lakini mumewe aliketi tu chini, mgongo ukutani, nyundo mapajani.

"Mama atakiona," alisema.

"Mama? Mgonjwa yule?"

"Wewe humjui. Nilipokuwa mdogo nikiosha kikombe, anakiinua kwenye mwanga. Rudia. Nikifagia uwanja, anaupitia kwa macho mpaka kwenye ua. Rudia. Mpaka leo sijawahi kumaliza kitu mbele ya mama."

Miaka yote hiyo msusi alikuwa anamgombeza mtu mmoja, kumbe ni wawili. Hasira hazikupungua hata chembe, ila sasa hakujua azielekeze wapi, maana mama mkwe hagombezwi.

Honi ikapigwa nje.

Akainuka, akabeba kigoda chake. "Mimi naenda kumpokea. Sikushiki mkono. Ila ukikivunja, utamlaza mama yako juu ya kifusi wewe mwenyewe, maana mimi na wanangu hutatukuta."

Alitembea hadi getini masikio yamebaki nyuma. Alimsalimu mama mkwe, "Shikamoo mama, pole na safari," na bado anasikiliza. Alimlinda upande wa kushoto, binti upande wa kulia, wakapanda kizingiti, wakavuka sebule, fremu ikigonga vigae tok, tok, na msusi anahesabu pumzi zake. Wakakunja kona kuingia koridoni.

Sakafu ilikuwa nzima. Milimita alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono mitupu, jasho linamtoka.

Mama alikwenda mpaka mlangoni, akasimama. Akainamisha kichwa. Akatazama chini muda mrefu kuliko mtu anayepumzika.

"Mwanangu," alisema, "hiki kimepinda."

Damu ilimchemka msusi. Alifungua mdomo, na adabu yote ya ukwe aliyoitunza tangu siku ya ndoa ilikuwa imefika ukingoni. Wallahi angesema.

"Najua, mama," Milimita alimtangulia. Sauti ilikuwa inamtetemeka kama ya mtoto, lakini hakuinama kukitazama kigae. Alimshika mama yake kiwiko. "Nimemaliza. Pita."

Mama akamwangalia usoni. Kisha akainua fremu, akaiweka juu ya kigae kile, akapita kwenda kulala.