Mama Pacha na Kanzu Thelathini

Hasira zangu ziko puani, sikatai. Aliyezizoea ni Mama Pacha, fundi mwenzangu. Miaka kumi na moja tunashona chumba kimoja, cherehani zimepeana mgongo, meza ya kukatia moja, pasi moja. Alifiwa na mume, pacha wake wakiwa bado wanatambaa. Akajifunza kushona kwa shangazi yake, akawalea kwa sketi na blauzi za watu mpaka wakaolewa. Ni Mkristo, mwanakwaya. Sauti yake mbaya jamani, lakini huimba kutwa! Nikisali adhuhuri pale pembeni, hunyamaza na kusimamisha cherehani bila kuambiwa.

Siku moja mkasi wake ulikuwa kwa mnoaji. Kwa haraka zake akachukua wangu, akakatia karatasi za vipimo. Karatasi! Fundi yeyote anajua mkasi wa kitambaa haukatiwi karatasi, unakuwa butu. Nikalipuka. Ningeishia kwenye mkasi, afadhali. Lakini ulimi hauna mfupa, nikasema, "Nyie watu wa kanisani ndivyo mlivyo, hamheshimu cha mtu!"

Kesho yake akatundika shuka katikati ya chumba. Wiki tatu hakuna salamu, wala nyimbo. Jirani yetu muuza vifungo akaninong'oneza kwamba mwenzangu anaulizia chumba kingine. Roho iliniuma. Lakini niende nikaombe radhi? Mimi? Thubutu!

Wakati huo nilikuwa na kanzu thelathini za watoto wa madrasa, zinatakiwa Ijumaa, nusu bado. Jumatano asubuhi, mawazo yako mbali, sindano ikanipitia kidole cha shahada. Nikapiga ukelele. Shuka ikavutwa. Mama Pacha akazungusha gurudumu taratibu mpaka sindano ikatoka, akanifunga kitambaa, akanipeleka zahanati. Alitangulia kurudi. Nilipofika, kanzu zangu zilikuwa kwenye cherehani yake.

"Acha, dada. Una kazi zako."

"Zitasubiri. Watoto watavaa nini?"

"Hata baada ya yale niliyokwambia?"

Akakata uzi kwa meno. "Kila Jumapili naambiwa wenye huruma ndio watakaohurumiwa. Na wewe kila ukianza kukata kitambaa nakusikia ukimtaja Mwingi wa rehema. Sasa shoga yangu, kama tumeambiwa jambo moja, tunagombana kwa lipi?"



Ijumaa asubuhi mwalimu wa madrasa akaja. Akazigeuza kanzu, akakagua mishono, uso ukamng'aa. "Mashallah, dada. Mungu aibariki mikono yako."

Ningeweza kunyamaza. Sifa tamu, nani hazitaki? Lakini nikamshika Mama Pacha mkono. "Mwalimu, mikono ni ya huyu. Nami nilimtukana, na dini yake nikaitia humo." Machozi yakanitoka mbele ya mteja, aibu gani hiyo! "Nisamehe, Mama Pacha."

Mwalimu akamgeukia, akamwombea afya na amani, yeye na wanawe. Tukaitikia "Amina" sote wawili. Alipoondoka, Mama Pacha akanipa kipande cha kitambaa nifute pua.

"Mbona nilishakusamehe siku ileile."

"Siku ileile? Na wiki tatu zote zile?"

"Ah, hizo nilikuwa nimenuna. Kwani mimi malaika?"