Kinoo Kilichosuguliwa Liwa

Alhamdulillahi, Mungu amenijaalia mwana mwenye kipaji: anajua kila kitu kabla hajakijaribu. Siku ya sita baada ya kuzaliwa mtoto wake wa kiume, nilitoka kwangu Shella, Malindi, nikaenda kwake Kilifi, upande wa Bofa, anakofanya kazi hotelini. Mkobani nilikuwa na wembe wa kukunja wa marehemu baba yangu, uliowanyoa watoto wote wa ukoo wetu siku ya saba, siku ya akika. Kinoo chake, jiwe la kuunolea, la kijivu na laini kama sabuni, kilitangulia siku nne. Mke wangu alikitia katika kikapu cha mzazi, pamoja na asali, mdalasini, kijiti cha liwa, ule mti wa manukato, na msio, jiwe la matumbawe la kukisugulia, kwa sababu mimi, alisema, husahau vitu.

Mwanangu alinipokea kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za mashine ya kunyolea. Nikamwambia nimesikia. Akanionyesha kwenye simu mzungu mmoja anayenoa wembe kwa mawe saba. Nilishukuru kwamba baba yangu hakuwa na simu. Angepata tabu ya kubeba mawe sita zaidi.

Mkaza mwanangu ni muuguzi, naye hakucheka. Aliniamkia, akamweka mtoto mapajani, akasema, "Baba, mimi sikatai sunna. Ila wembe huo upite kwanza usoni kwa mume wangu. Ukimwumiza yeye, mwanangu haumgusi."

Alikuwa na haki. Kichwa cha mtoto wa siku saba ni kama yai lililomenywa, na wembe butu ndio unaojeruhi, maana mkono hulazimika kuukandamiza. Nilijua nikishindwa, wembe wa baba utakuwa pambo la kabati, na mimi kando yake. Kwa bahati njema mwanangu hunyoa ndevu zote, Mungu amsamehe, kwa hiyo uso wa kujaribia ulikuwapo.

Baada ya Alasiri nilikaa barazani, nikalowesha kinoo, nikalaza wembe mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Nikausukuma makali yakitangulia, nikaugeuza juu ya mgongo wake, nikaurudisha. Mkono haukandamizi, uzito wa wembe watosha. Siku zote jiwe hushika kidogo na maji huwa meusi. Siku hiyo wembe uliteleza kama juu ya samli, maji yakabaki meupe, na baraza zima likanukia harusi. Mimi, kwa hekima ya umri wangu, nikasema jiwe limeingia baraka.

Nikampaka mwanangu sabuni. Wembe ulizivuta ndevu moja moja kama anayenyonyoa kuku. Alivumilia, maana nilimlea vizuri, lakini chozi lilimtoka, na tone la damu karibu na sikio. Shavu moja tu lilitutosha sote. Mkewe alimtazama, akamfunika mtoto vizuri, akaingia ndani.

Hapo mkwe wangu, mamake huyo binti, aliyekuja kumlea mzazi, akalitazama jiwe mikononi mwangu. "Mkwe wangu, hilo jiwe lenu la Malindi halina kazi," akasema. "Nimelisugulia liwa siku tatu, halitoi kitu."

Nikamwuliza kama hakuliona lile la matumbawe, ambalo ndilo msio. Akasema aliliona, lakini hili lilikuwa zuri zaidi. Nikakubali kwamba ni zuri, nikaligeuza kwenye mwanga.

Uso wa kinoo ulikuwa umezibwa na unga wa liwa. Nikaomba msio wenyewe, nikausugua uso wake wenye kukwaruza juu ya kinoo ndani ya beseni la maji. Kwanza likatoka tope la manjano, kisha la kijivu. Mkwe alinisimamia kama mwalimu wa chuo: hapo bado, hapo umeruka. Nikamshukuru kwa kila kosa alilonionyesha, nayo yalikuwa mengi.

Mwanangu alilala na uso nusu mzee, nusu kijana. Asubuhi, baada ya Alfajiri, nilinoa upya. Jiwe likashika, maji yakawa kama wino. Nikaupitisha wembe kwenye mshipi wa ngozi, nikampaka sabuni shavu la pili. Baada ya muda akaniuliza nitaanza lini. Nilikuwa nimekwisha maliza.

Mkewe akapitisha mgongo wa vidole shavuni mwake, taratibu, kama anayempima homa. Kisha akaniwekea mwanawe mapajani.

Nikazilowesha nywele, nikaufungua wembe. Mamake akakishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili.

"Polepole, baba. Hatuna haraka."

Nikasema Bismillahi. Nywele zilianguka kimya juu ya kitambaa cheupe, na mtoto hakuamka. Nilipokuwa nikiukunja wembe, mkwe aliinama, akanionyesha nyuma ya sikio la kushoto nilipoacha, akauliza kama miwani ilisahauliwa Malindi. Nikamshukuru Mungu kwa macho ya mkwe, nikaufungua tena.